Ndugu Yako Yuko Mahabusu: Namna ya Kumpata, Kumtembelea na Kuwasiliana Naye, Kuanzia Kituo cha Polisi hadi Gerezani

Ukiambiwa ndugu yako amekamatwa, tafuta kwanza kujua yuko mikononi mwa nani. Polisi, mahakama na Magereza ni milango mitatu, kila mmoja na watu wake, saa zake na karatasi zake. Kuna mama anayeshinda nje ya geti la gereza na hotpoti ya wali, kumbe mwanawe bado yuko kituo cha polisi na mahakamani hajafika. Kuna baba anayebishana na polisi wa kaunta kuhusu mtu aliyekwishapandishwa karandinga tangu asubuhi. Wote wawili wanapoteza siku, na siku ya kwanza na ya pili ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina taratibu zake, na nimeigusa kidogo kuelekea mwisho.

Hatua ya kwanza: mtafute alipokamatiwa

Anzia kituo kilicho karibu na mahali alipokamatiwa, hata kama anaishi mbali na hapo. Mkazi wa Mbagala aliyekamatwa Kariakoo mtafute Msimbazi kabla hujampigia simu mjumbe wa mtaa wenu. Ukifika kaunta msalimie askari, mwite afande, kisha taja majina matatu ya unayemtafuta, umri wake na saa aliyokamatwa. Majina matatu ni ya lazima. Mtaani anaitwa Side, kwenye kitambulisho ni Saidi, na alipoulizwa kituoni huenda alitaja jina la babu. Ukiuliza jina moja utajibiwa hayupo, na aliyekujibu atakuwa hajasema uongo.

Akipatikana, uliza mambo manne uyaandike kwenye daftari: anatuhumiwa kwa kosa gani, namba ya jalada, jina la mpelelezi, na namba ya simu ya mpelelezi huyo. Namba ya jalada ndiyo itakayokufungulia kila mlango baada ya hapo. Uliza pia, "Amewekwa hapa na nani?" Watuhumiwa wa TAKUKURU, wa Uhamiaji na hata wa dawa za kulevya mara nyingi huhifadhiwa kwenye mahabusu ya polisi, lakini wanaoamua mambo yao wako ofisi nyingine. Ukimbembeleza mkuu wa kituo siku nzima, mwisho wake atakwambia huyu si mtu wangu.

Asipopatikana, nenda kituo kikubwa cha wilaya, kwa maana vituo vidogo huhamisha watu kabla ya usiku. Ulizia na hospitali ya serikali iliyo karibu. Mtuhumiwa aliyeumia hupelekwa huko kwanza, na utamkuta kitandani na askari pembeni. Ukizunguka kote na kila mmoja anakana, omba kumwona mkuu wa kituo, halafu mkuu wa polisi wa wilaya, na ueleze kwa maandishi. Kukiwa bado kimya, tafuta wakili apeleke maombi Mahakama Kuu, ili wanaomshikilia waamriwe kumleta mbele ya jaji au waeleze ni kwa sheria ipi wanamshikilia. Maombi hayo yapo kisheria. Wengi huyakumbuka wiki imekwishapita.

Hatua ya pili: kumwona kituoni

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mtu aliye chini ya ulinzi haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Polisi wanaweza kukataa kwa muda wakiamini kwamba mawasiliano hayo yatawashtua wenzake au kuharibu ushahidi. Kwa hiyo ukikataliwa, uliza sababu kwa sauti ya kawaida. Askari wa zamu akikwambia "rudi saa kumi", muulize jina lake na urudi saa kumi kamili.

Mazungumzo ya kituoni ni mafupi, mara nyingi kaunta, huku askari anasikia. Tumia dakika hizo kwa mambo matatu: afya yake, ameumia au hajaumia, na nani wa kumjulisha. Habari za tukio lenyewe ziacheni. Mkumbushe kwa sauti ya chini, bila kuficha, kwamba ana haki ya kukaa kimya na ya kuomba wakili au ndugu awepo anapohojiwa. Maelezo ya onyo (yale anayoandikwa na polisi anapohojiwa) atakayoyasaini ndiyo yatakayosomwa mahakamani miezi mingi baadaye, na asiyasaini kabla hajasomewa. Sheria inawapa polisi saa 4 za kumhoji tangu anapokuwa chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu.

Chakula kipeleke wewe. Kiweke kwenye chombo cha plastiki chenye jina lake kwa kalamu ya wino mzito, maana vyombo vya kijani vinavyofanana viko kumi pale kaunta. Chupa ya kioo, kisu na uma viache nyumbani. Utaambiwa uonje kila kitu mbele ya askari: wali, mchuzi, hata maji. Usichukie, ndiyo kazi yao. Wali maharage, chapati au ugali na mboga kavu vinatosha. Samaki mwenye miba mingi atakupotezea muda, na pilau la sikukuu litaliwa na chumba kizima. Pamoja na chakula peleka sweta, ndala, sabuni na karatasi za chooni, na kwa mwanamke pedi. Mkanda na kamba za viatu atakuwa amevuliwa. Hakikisha vitu vyake vilivyochukuliwa, simu na pochi hasa, vimeandikwa, na umuulize kama orodha aliisoma kabla ya kuisaini.

Kama anatumia dawa, ya kisukari, presha, kifafa, TB au ARV, mwambie askari siku hiyohiyo, wala usingoje aulize. Peleka dawa kwenye pakiti yake yenye maandishi, pamoja na nakala ya cheti au kadi ya kliniki. Kadi halisi ibaki nyumbani, utaihitaji tena gerezani. Ukiona haya kutaja ARV mbele ya watu kaunta, omba kuzungumza na mkuu wa kituo pembeni. Kukatiza dozi kuna gharama kubwa kuliko aibu hiyo.

Kuhusu muda, sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati apewe dhamana ya polisi au afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hesabu tangu alipokamatwa. Aliyekamatwa Ijumaa jioni mara nyingi hulala hadi Jumatatu, jambo linalojulikana na kila mtu, wakiwemo baadhi ya wanaokamata Ijumaa jioni.

Na dhamana ya polisi ni bure. Kinachotakiwa ni mdhamini anayeaminika, kitambulisho chake (cha NIDA ndicho kinachoondoa maswali), na barua ya serikali ya mtaa au kijiji yenye muhuri. Anayekudai "hela ya soda" au "ya mafuta ya gari" anaomba rushwa, na TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113. Kuwa macho vilevile na simu za watu wanaojiita wapelelezi au askari magereza, wanaodai mdogo wako ataachiwa jioni ukituma kwenye namba hii. Matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wamehamia huku pia, na mzazi aliyechanganyikiwa hutuma haraka. Kata simu, kisha mpigie mpelelezi uliyemwandika kwenye daftari.

Hatua ya tatu: siku ya mahakama

Siku hii wengi huichukulia kama ya kwenda kusikiliza tu. Mimi naiona kubwa kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo inapoamuliwa kama ndugu yako atarudi nyumbani au ataondoka na karandinga.

Fika saa moja na nusu asubuhi. Tafuta orodha ya kesi kwenye ubao wa matangazo. Usipoliona jina lake muulize karani. Andika namba ya kesi, jina la hakimu na chumba. Mahabusu huteremshwa na kuingizwa chumba chao cha mahakamani, na askari wasindikizaji ndio wenye amri pale. Usimpe kitu chochote mkononi anapopita, hata leso. Mwombe askari ruhusa, naye ataamua.

Wadhamini wafike nawe, wala wasiambiwe "tutawapigia wakihitajika". Kila mmoja awe na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji au serikali ya mtaa, kitambulisho na nakala yake, picha za pasipoti, na ushahidi wa kazi au mali endapo hakimu atadai. Kwa kawaida huombwa wawili, nawe chukua watatu. Kinachowapeleka watu gerezani, zaidi ya uzito wa kosa, ni barua isiyo na muhuri, jina lililotofautiana herufi na la kwenye kitambulisho, na mdhamini aliyekwama kwenye foleni ya Ubungo. Yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, usafirishaji haramu wa binadamu, utakatishaji fedha. Kwa hayo usitumie nguvu kutafuta wadhamini, tafuta wakili. Kwenye kesi za mauaji zinazosikilizwa Mahakama Kuu, asiyemudu hupangiwa wakili kwa gharama ya serikali. Kwa kesi nyingine, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bure. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au mashirika kama LHRC na TAWLA.

Masharti ya dhamana yasipotimizwa siku hiyo, mlango haujafungwa. Wadhamini wanaweza kurudi siku ya kazi inayofuata, wakaomba mahakama itoe hati ya kumleta kutoka gerezani ili adhaminiwe. Kabla hujaondoka, pata jibu la maswali mawili: tarehe inayofuata, na amepelekwa gereza gani. Kesi za walio mahabusu hutajwa tena takriban kila baada ya siku 14. Kwa hiyo hata ukishindwa kufika gerezani, utamwona mahakamani.

Hatua ya nne: gerezani

Dar es Salaam mahabusu wengi hupelekwa Segerea au Keko, na wanawake Segerea. Mwanza ni Butimba, Arusha Kisongo, Moshi Karanga, Dodoma Isanga, Tanga Maweni, Mbeya Ruanda. Siku na saa za kutembelea hupangwa na gereza lenyewe. Mwisho wa wiki na sikukuu ndipo watu wanapojaa, na aliyefika saa tatu humwona ndugu yake kabla ya aliyefika saa tano. Safari ya kwanza fanya siku ya kazi, uulize getini ratiba ya mahabusu na orodha ya vitu vinavyoruhusiwa wiki hiyo. Orodha hubadilika, na jirani aliyekwenda mwaka juzi si mwalimu mzuri.

Nenda na kitambulisho. Vaa nguo za heshima, mwanamke awe na kanga, na yeyote asivae kitu kinachofanana na gwanda za jeshi. Simu itabaki getini, au hutaruhusiwa kabisa kukaribia nayo, hivyo andika namba muhimu kwenye karatasi kabla. Utaandikishwa jina, uhusiano na jina la unayemtembelea, kisha utapekuliwa, mwanamke na askari mwanamke. Halafu utangoja. Chukua maji, na kama una mama mzee mtafutie kivuli, kwa maana kungoja kunaweza kumaliza asubuhi nzima kwa mazungumzo ya dakika chache.

Dakika hizo hupita haraka kwa sababu kila mtu anaongea kwa wakati mmoja kupitia wavu, mistari miwili ya watu wanaopigiana kelele. Waingie wawili, mmoja aongee, mwingine aandike. Ongeeni Kiswahili; mkianza Kisukuma au Kichaga askari asiyeelewa atawakatiza, na ana haki hiyo kwani kazi yake ni kusikia. Mambo ya ushahidi yasiguswe kabisa hapo. Yaachiwe wakili, ambaye mazungumzo yake na mteja askari huyaona bila kuyasikia.

Uulize nini? Afya, dawa anazipata au hapati, amelala wapi, kuna mtu wa nyumbani humo ndani anayemjua. Huyo wa mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa maana mgeni asiye na mtu huteseka zaidi wiki za mwanzo. Kuna la kumwambia na la kuliacha. Kama baba amelazwa, mwambie. Kama mkewe amerudi kwao, nisingemwambia kupitia wavu. Na usimwahidi tarehe ya kutoka usiyoijua, sababu atazihesabu siku.

Mahabusu bado hajatiwa hatiani, kwa hiyo anaruhusiwa kuvaa nguo zake na kupokea chakula na vitu vya matumizi kutoka nje, baada ya kukaguliwa. Sabuni ya kipande, mswaki, dawa ya meno, ndala, chupi, fulana, shuka na kitabu cha dini hupita bila matatizo mara nyingi. Pesa usimkabidhi mkononi. Zikabidhi kwa askari anayehusika, ziandikwe kwa jina lake, na wewe uone zimeandikwa. Simu, laini, bangi, pombe au dawa zilizofichwa kwenye mkate zitakufanya ulale huko nawe.

Simu kutoka gerezani haitegemewi. Anayekupigia usiku kwa namba ngeni anatumia simu ya magendo, na akikamatwa nayo atapata adhabu ya ndani. Ukiwa na jambo la haraka, kama msiba, nenda getini uombe kumwona afisa ustawi au msaidizi wa mkuu wa gereza. Wengi wao hulipokea kwa utu na kumwita mhusika. Mkiwa mbali, andika barua. Bahasha iandikwe jina lake kamili, kwa kupitia Mkuu wa Gereza, na sanduku la posta la gereza hilo. Barua zote husomwa kabla ya kumfikia, za kuingia na za kutoka. Ukurasa mmoja wenye herufi kubwa unatosha: habari za watoto, nani alilipa kodi ya nyumba, tarehe utakayokuja. Watoto wakichora kitu, kiwekeni humo.

Kuhusu kuwapeleka watoto wenyewe, mimi ningengoja hadi umejua mazingira. Mtoto wa miaka minne anayemwona baba yake nyuma ya wavu huku watu wanapiga kelele atarudi na maswali ambayo huna majibu yake. Mkubwa aliyeambiwa ukweli nyumbani humudu zaidi.

Kama aliyekamatwa ni mtoto, au ni mgeni

Chini ya miaka 18 njia ni nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka ahusishwe afisa ustawi wa jamii, kesi isikilizwe Mahakama ya Watoto mzazi au mlezi akiwepo, na akinyimwa dhamana apelekwe mahabusu ya watoto, kama ile ya Upanga, Dar es Salaam. Kimbia na cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kama cheti hakuna. Kijana mrefu mwenye ndevu za kwanza ataandikwa miaka 19 kwa kutazamwa tu, na kulirekebisha baadaye ni kazi.

Raia wa Kenya, Kongo au nchi nyingine ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli. Aombe mwenyewe. Mkimbizi asipelekwe kwenye ubalozi wa nchi aliyoikimbia. Wa kujulishwa ni UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na wanaotoa msaada wa kisheria kambini.

Zanzibar, usiulizie Jeshi la Magereza. Huko ni Vyuo vya Mafunzo, vyenye uongozi wao, na mashtaka yako chini ya ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Ratiba ya kutembelea iulize getini hukohuko.

Akihukumiwa

Mambo hubadilika siku hiyohiyo. Atavaa sare, chakula cha nyumbani kitakoma, na kutembelewa kutapungua. Anaweza pia kuhamishwa gereza, hata mkoa, na taarifa ikawafikia baada ya safari ya bure. Kabla ya nauli ya mbali, piga simu au mtume mtu wa karibu aulize getini kama bado yupo. Adhabu ikiwa ni faini, lipeni kwa kontro namba iliyotolewa na mahakama, kamwe si kwa mkono wa mtu, na risiti ipelekwe ili itolewe hati ya kumwachia.

Anayetaka kukata rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu ana siku 10 za kutoa notisi na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Akiwa ndani anaweza kupitia kwa mkuu wa gereza, ambaye huzituma karatasi mahakamani. Kazi ya ndugu ni kufuatilia nakala ya hukumu, ambayo ndiyo huchelewesha kila kitu.

Misamaha ya Rais hutangazwa zaidi Aprili 26 na Desemba 9. Mwaka 2019, sikukuu ya Uhuru, walisamehewa wafungwa 5,533. Huwahusu waliokwishahukumiwa, kwa masharti ya kosa na muda waliotumikia. Mahabusu hawamo, kwa hiyo usimpe mtu pesa "amwingize kwenye orodha".

Siku ya kutoka

Hati ya kuachiwa lazima ifike gerezani mapema alasiri, kabla ya hesabu ya jioni, la sivyo atalala tena. Ikague ikiwa bado mkononi mwa karani, kabla haijaondoka mahakamani: jina, namba ya kesi, muhuri. Herufi moja ikikosewa gereza litairudisha. Nenda na nguo safi na nauli, na kabla hamjaliacha geti adai vitu vyake vilivyoandikwa siku ya kuingia, avihesabu, ndipo asaini. Kama ametoka kwa dhamana, wadhamini waandike tarehe inayofuata pale pale, kwani asipofika ni wao watakaoitwa. Na kama alikuwa kwenye dozi, kesho yake asubuhi apelekwe kliniki na ile kadi iliyobaki nyumbani.